Kilio Chenye Anwani: Washairi wa Ayalandi na Muziki wa Bluzi

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi mbele, ndugu malenga, mabibi na mabwana: wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo.

Tangazo la mazungumzo haya lilipobandikwa, rafiki yangu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na sitamtaja, aliniuliza kama mashairi ya Muyaka, malenga wetu wa kale wa Mombasa, yamekwisha hata niende kuazima ya Ayalandi. Nilimjibu kwamba ni Muyaka huyo huyo aliyenipeleka huko. Tumefundishwa kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi wetu msikitini akaupeleka sokoni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa huupata ushairi unapofika sokoni, unapolazimika kutaja bei ya samaki na jina la anayekudai, bila kugeuka kuwa porojo. Washairi wa Ayalandi wa miaka 70 hivi iliyopita wamelishughulikia swali hilo kwa bidii ambayo sijaiona kwingi, na baadhi yao walisaidiwa na muziki ambao haukuwa wa kwao.

Kwanza niondoe utata wa neno. Kwenye kumbi zetu za dansi, bluzi ni ule muda ambapo mpiga muziki hupunguza mwendo, taa zikafifishwa, na waliokuja wawili wakapata ruhusa ya kukumbatiana. Mimi nakusudia bluzi ile iliyoizaa hiyo, ya Wamarekani weusi wa kusini, iliyochipuka Mississippi na majimbo jirani mwishoni mwa karne ya 19 miongoni mwa watu waliokwisha kuachiwa huru kwa sheria lakini bado walilima pamba ya wengine.

Kiongozi wa bendi aitwaye W. C. Handy ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyoisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa karibu na mwaka 1903, usiku, katika kituo cha reli cha mji mdogo wa Tutwiler, Mississippi, na treni ilikuwa imechelewa kwa saa nyingi. Handy alipitiwa na usingizi, na alipozinduka alimkuta pembeni yake mtu mwembamba mweusi, nguo zake matambara, vidole vya miguu vikichungulia nje ya viatu, akipiga gitaa kwa kukandamiza kisu juu ya nyuzi. Alikuwa akiimba mshororo mmoja tu, akaurudia mara tatu: kwamba anakwenda mahali ambapo reli ya Southern hukatana na reli ya Mbwa. Handy, aliyekuwa amesomea muziki, alidhani ni fumbo zito, akamwuliza maana yake. Kumbe Mbwa ni jina la utani la reli nyingine ya eneo hilo, na hizo mbili hukutana mji wa Moorhead. Bwana yule alikuwa anakwenda Moorhead, basi akaimba kwamba anakwenda Moorhead.

Nakiona kisa hicho kuwa ufunguo wa yote nitakayosema. Husemwa kwamba bluzi ni muziki wa huzuni na Waayalandi ni watu wa huzuni, kwa hiyo wamepatana. Sikubaliani na hesabu hiyo, kwa sababu huzuni haina kabila. Kilichowakutanisha ni kitu ambacho, kwa kukosa istilahi bora, nitakiita kilio chenye anwani: uchungu unaotaja kituo, mtaa, kiasi cha deni na rangi ya ndoo.

Tuutazame ubeti wenyewe wa bluzi, maana humu ndani wamo watu wanaopenda arudhi kuliko chakula. Mara nyingi una mishororo mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia lile lile, na wa tatu unajibu, kina kikafungwa hapo. Kila mshororo umepewa vipimo 4 vya muziki, jumla 12, lakini mwimbaji hutumia takriban nusu tu ya nafasi yake, na iliyobaki anamwachia gitaa, nalo likaitikia kama kundi la waitikiaji. Kuna tena noti zisizotulia mahali pamoja: kidole kinausukuma uzi kando mpaka sauti inaning'inia kati ya noti mbili, haingii hapa wala pale. Masikio yaliyolelewa na fidla za taarabu hayapati tabu nayo. Ila cha kushika zaidi ni ule mrudio. Mara ya kwanza msikilizaji anapokea habari. Mara ya pili habari anayo tayari, kwa hiyo hana la kusikiliza isipokuwa uzito wake. Na mwimbaji naye, ikiwa anatunga papo hapo, amejipatia pumzi mbili za kutafuta jibu.

Sasa tuvuke bahari. Patrick Kavanagh alizaliwa mwaka 1904 kijiji cha Inniskeen, kaunti ya Monaghan, mwana wa fundi viatu aliyekuwa pia na shamba dogo. Ana shairi fupi la mishororo 14 juu ya familia mbili za kijijini zinazogombea kipande cha mawe kisichofika hata robo ekari. Wa familia moja wanapiga makelele ya matusi, na mzee wa familia ya pili amevua shati na kukikanyaga kipande hicho hatua kwa hatua, akikabili chuma bila hofu. Mwaka wenyewe ni 1938, wakati wakuu wa Ulaya wanagawana nchi za watu kule Munich, na mshairi anaanza kuona aibu kwamba yeye anashughulika na mpaka wa shamba. Ndipo mzimu wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, unapomjia na kumnong'oneza kwamba utenzi wake maarufu wa vita vya Troy aliutunga kutokana na ugomvi wa kijijini kama huo. Majina ya familia hizo yametajwa, na vijiji vimetajwa. Kavanagh hakubadilisha hata kimoja ili msomaji wa London aone raha.

Mahali pengine Kavanagh alitofautisha aina mbili za watu. Kuna anayeutazama mji mkuu kabla ya kusema kitu, apate kujua kama kinafaa kusemwa. Na kuna mwenye mtaa wake, ambaye haijamjia hata siku moja shaka kwamba mtaa huo unatosha kuandikiwa. Lugha yetu ina neno kali kwa yule wa kwanza, nalo ni mshamba, hata kama anaishi ghorofa ya kumi. Mtu wa Tutwiler, na kisu chake juu ya nyuzi, alikuwa wa aina ya pili.

Kuna uhusiano wa zamani zaidi kati ya pande hizi mbili, nao unahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mwishoni mwa Agosti 1845 Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani miaka saba kabla, aliteremka Dublin na kukaa Ayalandi kwa takriban miezi minne, akihutubia watu juu ya utumwa. Ugonjwa wa viazi ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuoza mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza nchini wengine zaidi ya milioni. Miaka kumi baadaye, akieleza jinsi nyimbo za watumwa zilivyokuwa zikisikika mashambani, Douglass aliandika kwamba tangu atoke utumwani hajapata kusikia nyimbo kama zile popote, isipokuwa Ayalandi. Alisikia huko maombolezo ya sauti ile ile.

Huo ni ushahidi wa mtu aliyezisikia zote mbili kwa masikio yake, na hakuna wa kumsahihisha. Lakini wako wanaouchukua ushahidi huo na kukimbia nao. Katika riwaya moja ya Dublin ya mwaka 1987, mhusika anayeunda bendi ya muziki wa soul anawaambia wenzake kwamba Waayalandi ndio watu weusi wa Ulaya. Sentensi hiyo imeandikwa ichekeshe, na inachekesha, ila mimi nilicheka nusu. Julai 1863, katika ghasia za New York za kupinga kuandikishwa jeshini, wahamiaji wa Kiayalandi walikuwa wengi katika makundi yaliyowaua watu weusi mitaani. Sauti mbili zinaweza kufanana bila vidonda kuwa kimoja, na mshairi mwaminifu huacha nafasi kati yake na anayemwazima.

Bluzi yenyewe iliingia Ayalandi kwa milango ya kawaida kabisa: redio, bandari na maduka ya sahani za santuri. Mjini Belfast, nyumba moja ya Hyndford Street, upande wa mashariki wenye karakana za meli, ilikuwa na fundi wa karakana hizo aliyekusanya sahani za Kimarekani kwa wingi usio wa kawaida mtaani pale. Mwanawe, Van Morrison, aliyezaliwa mwaka 1945, alikua akizisikiliza, na alipokuja kutunga zake aliimba majina ya mitaa ya Belfast kama walivyoimba wale majina ya vituo vya reli. Mshairi Gerald Dawe, mtoto wa mji huo huo aliyezaliwa mwaka 1952, ameandika insha nzuri sana juu ya vijana wa Belfast wa miaka ya 1960 waliokusanyika kwenye kumbi za muziki huo kabla milipuko ya ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki haijawatawanya.

Kusini, mjini Cork, mwaka 1963, kijana wa miaka 15 aitwaye Rory Gallagher alinunua kwa pauni 100, za kulipa kidogo kidogo, gitaa la umeme la rangi ya machweo. Alikuwa amemsikia Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Kimarekani, kwenye redio ya wanajeshi wa Kimarekani walioko Ulaya. Gitaa lile alilipiga mpaka alipofariki mwaka 1995, na picha zake kila mtu anaweza kuzitazama: jasho lake limeila rangi karibu yote, ubao umebaki mtupu kama mwiko wa kale. Wakati wanamuziki wengi walipoikwepa Belfast kwa hofu ya mabomu, Gallagher alirudi kupiga Ulster Hall tena na tena, na Waprotestanti na Wakatoliki wakakaa ukumbi mmoja. Sitaki kulikuza jambo hilo. Watu walikwenda kusikiliza gitaa.

Mshairi aliyeweka wazi deni lake kwa muziki huu ni Michael Longley, mzaliwa wa Belfast mwaka 1939, aliyetutoka Januari 2025. Katika diwani yake ya kwanza, ya mwaka 1969, aliweka mfululizo wa mashairi kwa wanamuziki wa jazi na bluzi, na moja wapo linamhusu Bessie Smith. Anaitaja Chattanooga, Tennessee, alikozaliwa mwimbaji huyo, halafu anakiri kwamba sauti kubwa kama ile hawezi kuishi nayo kila siku. Anairudia kama anavyorudia kila mwaka fukwe na visiwa vyenye mvua, ambavyo navyo anavitaja kwa majina. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona kama anamkwepa. Baadaye nikatambua kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe: hakujaribu kuimba kama Bessie Smith, hakujifanya wa Tennessee, alimpokea kwa kumwonyesha kwao.

Naomba nikae kidogo kwenye viazi. Seamus Heaney, mtoto wa mkulima wa kaunti ya Derry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, alifiwa na mama yake mwaka 1984, na katika diwani ya mwaka 1987 akamwandikia soneti nane. Ya tatu inasimulia hivi: watu wote wa nyumbani wamekwenda misani, wamebaki mama na mtoto wakimenya viazi. Hawasemi. Kinachovunja ukimya ni viazi vyenyewe, kimoja kimoja, vikidondoka ndani ya ndoo ya maji kama matone ya lehemu yanayodondoka kwenye chuma cha fundi, na matone ya maji yakiwarukia mara kwa mara na kuwazindua. Kisha mshairi anaruka miaka mingi mbele. Mama yuko kitandani, padri wa parokia anaporomosha sala za wanaokufa kwa kishindo, wengine wanaitikia, wengine wanalia, na mtoto, sasa mtu mzima, anakumbuka kichwa cha mama kilivyoinamia chake, pumzi yake ndani ya pumzi yake, na visu vyao vikizama na kuibuka kwa wepesi. Hawakupata kuwa karibu kiasi kile tena maishani.

Msomaji wa mbali akiona viazi na Ayalandi katika sentensi moja hukimbilia njaa ya 1845. Heaney, aliyeijua njaa hiyo na kuiandikia kwingine, hapa hamruhusu. Kiazi ni kiazi, kina uzito wake na mlio wake majini. Angalieni pia jinsi ukimya wa jikoni unavyorudi kando ya kitanda: ni mshororo ule ule mara ya pili, safari hii ukiwa na uzito wa maiti. Mwaka 2015 shirika la utangazaji la Ayalandi lilipowaomba wananchi wachague shairi walipendalo kuliko yote ya miaka 100 iliyopita, walichagua hili. Yalikuwapo mashairi ya mapinduzi na mashahidi, wao wakachukua la viazi.

Mshairi Eavan Boland ilimbidi aipiganie ruhusa ya kuandika mambo ya jikoni, ambayo Heaney aliipata kwa urahisi zaidi. Alihamia Dundrum, kitongoji kipya cha Dublin, akalea mabinti wawili, na kugundua kwamba ushairi aliourithi ulikuwa na nafasi ya shujaa aliyeuawa lakini hauna pa kuweka chupa ya maziwa ya alfajiri. Diwani yake ya mwaka 1982 imeiweka chupa hiyo mezani, na tangu hapo haikuondoka.

Aliye karibu zaidi na bluzi kwa umbo, sijui kama kwa kukusudia, ni Rita Ann Higgins wa Galway, aliyezaliwa mwaka 1955 katika nyumba ya watoto 13. Lipo shairi lake linaloanza kwa kusema kwamba baadhi ya watu wanajua ilivyo, kisha linamwaga orodha: kutukanwa mbele ya watoto wako, kupungukiwa kodi ya nyumba, kupungukiwa pesa ya umeme, kupungukiwa ya vitabu vya shule, kungoja katika vyumba vya ustawi wa jamii vilivyojaa moshi wa sigara, kuwa mtu wa mitumba, kukanyagwa, na mengine ambayo mbele ya wazee sitayatafsiri. Kila mstari umeanza kwa namna ile ile, na mrudio unapanda mpaka msomaji anahema. Mwisho kabisa linakuja jibu, maneno manne ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili nimeyaweka hivi: na wengine hawajui. Kina kimefungwa. Nimewahi kulisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi, na mmoja wao, binti mkimya wa kiti cha nyuma, aliuliza kama huyo mama amewahi kupanga nyumba mtaani kwao.

Nirudi kwa Longley kwa mara ya mwisho. Mwaka 1988 mtu aliyekuwa akiuza aiskrimu katika duka la barabara ya Lisburn, Belfast, aliuawa kwa risasi humo dukani. Binti wa mshairi alikuwa mteja wa duka hilo, na alinunua maua akayaweka mlangoni. Shairi aliloandika baba lina mistari kumi tu. Linaanza na ladha za aiskrimu ambazo mtoto alizoea kuzitaja kwa mfululizo, likataja mauaji kwa nusu sentensi, kisha likageuka kuwa orodha ya maua 21 ya porini ambayo baba aliyaona siku moja huko Burren, magharibi mwa nchi. Hakuna ua linaloelezwa. Ni majina tu, moja baada ya jingine, mpaka shairi linakwisha. Nilijaribu kulitafsiri kwa ajili ya leo. La kwanza lilikuwa zaatari, nikajipongeza. Baada ya hapo Kiswahili changu cha maua kiliniishia, na nikabaki na ladha za aiskrimu, ambazo sote tunazijua. Longley alisimulia mara nyingi kwamba alipokea barua ya shukrani iliyotiwa saini na mama wa muuza aiskrimu, na kwamba ilikuwa miongoni mwa barua alizozithamini kuliko zote.

Muda wangu unakwisha, na nimeahidi kuwasikilizisha kitu. Tarehe 17 Februari 1927, mwaka mmoja kabla Siti binti Saad hajapanda meli kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake za taarabu, Bessie Smith aliingia studio New York akarekodi wimbo juu ya mafuriko. Miezi miwili baadaye mto Mississippi ulibomoa kingo zake, na watu waliokoseshwa makazi wakaununua wakijua kwamba ni wao walioimbiwa, ingawa uchunguzi umeonyesha kwamba huenda ulitokana na mafuriko mengine, ya Nashville, Krismasi iliyotangulia. Ndani yake mwanamke anafunga nguo zake, anazitupa ndani ya mtumbwi, anapigiwa kasia mpaka nchi kavu, anapanda kilima. Kijana aliye kwenye mitambo, tafadhali tuwekee. Sahani ina mikwaruzo, msijali. Mtasikia mkono wa kushoto wa mpiga piano, James P. Johnson, ukinguruma chini kama radi ya mbali. Subirini afike kilimani. Mshororo huo anaurudia, kisha anaitazama kule chini nyumba aliyokuwa akiishi.